Mizabibu ya Naivasha Mbele ya Bei ya Ploti

Iwapo Kenya inaweza kutengeneza mvinyo wake yenyewe ni swali lililokwisha kujibiwa zamani. Jibu liko katika shamba la Morendat, karibu na Naivasha, unakotoka mvinyo wa Leleshwa, uliopewa jina la kichaka chenye majani ya kijivu na harufu ya kafuri kinachoota kwa wingi katika sehemu kavu za Bonde la Ufa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, palikuwa na shamba jingine dogo kando ya ziwa lililovuna zabibu na kutia mvinyo wake chupani, wakati ambapo mvinyo wa nyumbani uliojulikana na Wakenya wengi ulikuwa ule wa papai. Ardhi ya Naivasha, basi, imekwisha kutoa ushahidi wake. Jambo ambalo sisi wakazi wa Kaunti ya Nakuru hatujalijadili kwa uzito unaostahili ni iwapo ardhi hiyo itaendelea kuwa shamba kwa muda wa kumtosha mzabibu kuzeeka.

Nasema kuzeeka kwa sababu mzabibu hauna haraka. Ukipandwa leo, mavuno ya kwanza ya maana huja baada ya miaka mitatu hivi, na ukitunzwa vizuri huzaa kwa miaka 30 au zaidi. Mwenye kuupanda hana budi kwanza kusimamisha nguzo, kuvuta nyaya, kulaza mipira ya umwagiliaji wa matone, kisha kuwalipa vibarua wa kupalilia, kufunga matawi na kupogoa kwa misimu kadhaa kabla ya kuuza hata kilo moja. Fedha za namna hiyo huingizwa mahali ambapo mwekezaji ana hakika ya miongo mitatu. Kwa maoni yangu, bonde la mvinyo ni uamuzi kuhusu ardhi kabla ya kuwa habari ya kilimo, utalii au ladha, na uamuzi huo hapa kwetu unafanywa kila siku na mpima ardhi, bila mtu yeyote kuutangaza.

Hebu kwanza tuone ni kitu gani kinachoweza kupotea. Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na miinuko inayolizunguka iko juu zaidi. Safu za Nyandarua upande wa mashariki na zile za Mau upande wa magharibi hukinga mawingu ya mvua, hivyo sakafu ya bonde hupata milimita 600 hadi 700 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa mahindi wa Njoro angekilalamikia lakini mzabibu unakimudu, kwa kuwa unyevu mwingi huleta ubwiri unga, yaani ugonjwa wa ukungu, na kuozesha vichala. Udongo umetokana na majivu ya volkeno na hupitisha maji upesi. Mchana jua huwa kali, usiku hutaka sweta, na tofauti hiyo ndiyo huiwezesha zabibu kujaza sukari bila kupoteza uchachu wake wote. Mvinyo uliokosa uchachu huwa mzito na kuchosha ulimi.

Kinachokosekana ni majira ya baridi. Kule Ufaransa, au hata katika Rasi ya Afrika Kusini, mzabibu hupukutisha majani, hulala, kisha huamka wote kwa pamoja joto linaporejea. Karibu na ikweta mmea haulali. Ukiachwa ufanye utakavyo, kichala kimoja kitaiva huku kingine kwenye tawi lilelile kikiwa bado na vipunje vigumu vya kijani, na hakuna mtengenezaji wa mvinyo awezaye kuvuna shamba la aina hiyo. Kwa sababu hiyo usingizi wa mzabibu hutengenezwa kwa mkasi na kwa kufunga bomba la maji. Maji hupunguzwa kwa wiki kadhaa mpaka majani yaanze kufifia, kisha mpogoaji hupita safu kwa safu akikata kila tawi la msimu uliopita na kuacha kipande kifupi chenye macho mawili, yaani vile vivimbe ambamo chipukizi limejikunja. Hukata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho la pili, ili utomvu unaotiririka usilidondokee jicho lenyewe. Akiacha macho mengi mno, mmea utachipua fujo tupu. Akikata chini mno, ameyatupa mavuno ya msimu ujao. Maji yakifunguliwa tena, shamba zima huamka pamoja. Anayepogoa mwezi wa Agosti au Septemba hupanga zabibu zake ziive katika ukavu wa Januari na Februari, kabla ya masika, ingawa mvua za vuli za Novemba humlazimu kutembea na dawa ya ubwiri.

Mikono ya kazi hiyo tunayo. Naivasha ina maelfu ya watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikata waridi kwa mkasi kila siku ya kazi, wanaolijua jicho la mmea kwa kulitazama mara moja na ambao kuhamia kwenye mzabibu hakuwahitaji zaidi ya msimu mmoja wa mafunzo. Sehemu nyingi zinazotamani kuanzisha mvinyo hazina utajiri huo. Tunapohesabu mali ya bonde hili, mara nyingi tunataja jua, ziwa na mvuke wa kuzalisha umeme wa Olkaria, tukawasahau wafanyakazi hao.

Sasa tugeukie hesabu ya upande wa pili. Kandokando ya barabara kuu itokayo jiji la Nakuru kuelekea Naivasha, hasa ukishavuka Elementaita na kuikaribia Gilgil, mabango ya kuuza ploti yamekuwa mengi kuliko ya kuuza mazao. Bango lenyewe huwa la bati, lina namba ya simu kubwa, maneno kwamba hati miliki ziko tayari, na picha ya nyumba yenye vigae vyekundu ambayo haipo mahali popote karibu na hapo. Nyuma yake kuna nguzo chache za zege, barabara za udongo zilizochongwa kwa greda zikikutana kwa pembe mraba kati ya nyasi, na bikoni za chuma, yaani alama za mipaka, zilizozamishwa ardhini kila baada ya futi 50. Ekari moja hutoa ploti nane za futi 50 kwa 100 baada ya kutenga njia. Mwenye ekari 20, kwa hiyo, ana ploti 160 mkononi, na akipata wakala mchangamfu anaweza kuzimaliza katika muda ambao mzabibu ungekuwa bado haujatoa kichala chake cha kwanza.

Bei hiyo haikupandishwa na uvumi pekee. Reli ya kisasa ilifika upande wa Suswa mwaka 2019, bandari kavu ikafuata, eneo maalumu la kiuchumi likatengwa upande wa Mai Mahiu, na Nakuru ikapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kila moja ya hatua hizo ni ya heri kwa namna yake, na siwalaumu wazee wanaouza, kwa kuwa mzee mwenye karo za kulipa na watoto wasiotaka kulima hawezi kuambiwa alinde mandhari kwa ajili ya wapita njia. Ila ardhi iliyokwisha kugawanywa kwa watu 160 hairudi kuwa shamba, hata kama ploti 100 kati ya hizo zitakaa miaka 20 bila nyumba, zikiota leleshwa na kusubiri bei ipande.

Bonde la Napa, kaskazini mwa San Francisco, lilikabiliwa na hesabu ya namna hii, na uamuzi wake wafaa kusomwa kwa makini zaidi kuliko mvinyo wake. Bonde hilo lina urefu wa kilomita 48 hivi, na katika miaka ya 1960 lilikuwa la plamu za kukausha, jozi na ng'ombe, pamoja na mizabibu ambayo haikuwa na sifa kubwa duniani. Miji ya eneo la ghuba ya San Francisco ilikuwa ikipanuka kuelekea huko. Mwaka 1968 baraza la wasimamizi wa kaunti lilitenga sakafu ya bonde kuwa eneo la hifadhi ya kilimo, la kwanza la aina yake nchini Marekani, na likaamua kwamba shamba ndani yake lisigawanywe chini ya ekari 20, ilhali awali lingeweza kugawanywa hadi ekari moja. Baadhi ya wenye ardhi walipinga, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Mwaka 1979 kiwango kikapandishwa hadi ekari 40.

Mfuatano wa miaka hapa ni wa kutazamwa. Mtengenezaji wa mvinyo Robert Mondavi alijenga kiwanda chake huko mwaka 1966, sheria ya ardhi ikaja 1968, na ushindi ulioishangaza dunia ulipatikana Paris mnamo Mei 1976, pale waamuzi Wafaransa walipoonja bila kuona lebo wakaupa nafasi ya kwanza mvinyo mweupe wa Chateau Montelena na ule mwekundu wa Stag's Leap Wine Cellars, zote mbili za Napa. Mstari wa mpaka ulitangulia sifa kwa miaka minane. Ungewekwa baada ya 1976, ardhi ingekuwa imepanda bei kiasi kwamba hakuna mwanasiasa ambaye angethubutu kuugusa. Kisha mwaka 1990 wapigakura wa kaunti hiyo waliwanyang'anya wasimamizi wao uwezo wa kuibadilisha ardhi hiyo ya kilimo kwa matumizi mengine bila ridhaa ya wananchi kwa kura, na mwaka 2008 wakaurefusha ulinzi huo hadi 2058. Nadhani kipengele hiki cha mwisho kingefaa Nakuru kuliko vyote, kwa sababu tunajua jinsi ramani ya mipango inavyoweza kubadilika usiku kati ya kikao na kikao.

Hata hivyo, kuna pingamizi zito ambalo yeyote anayependekeza jambo hili katika Bonde la Ufa lazima alikabili. Ardhi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai, nao waliondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904 ili walowezi wapewe mashamba makubwa. Baada ya uhuru, watu wasio na ardhi walichanga shilingi zao katika kampuni za kununua mashamba, mojawapo ikiwa Ngwataniro-Mutukanio iliyovuma sana Nakuru, na ilikuwa kwa kugawanya mashamba ya walowezi ndipo familia nyingi zilipata kipande cha kwanza walichoweza kukiita chao. Kumwambia mjukuu wa watu hao kwamba ugawaji umefungwa, huku mashamba ya maelfu ya ekari yakibaki kwa wachache, ni sawa na kumwambia kwamba amechelewa kuzaliwa. Hifadhi ya kilimo iliyoandikwa bila uangalifu hugeuka kuwa ukuta wa kuwalinda wenye nacho.

Pingamizi hilo linaungwa mkono na mabonde ya mvinyo yenyewe. Napa imekuwa ghali kiasi kwamba wengi wa wanaopogoa mizabibu yake hawawezi kuishi humo, na wenye mashamba hujitoza ada kwa kila ekari ili kusaidia kuendesha mabweni ya vibarua. Katika Rasi ya Afrika Kusini, ambako mvinyo wa kwanza ulikamuliwa mwaka 1659, wafanyakazi wa mashambani walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo kwa vizazi vingi, na madhara ya ulevi uliopandwa kwa njia hiyo, hasa kwa watoto waliozaliwa na mama waliokunywa wakiwa waja wazito, yangalipo hata baada ya desturi hiyo kupigwa marufuku. Naivasha nayo ina historia yake ya utajiri kupita juu ya vichwa vya wafanyakazi. Mtu hahitaji kupelekwa mbali kuliko mtaa wa Karagita kuona jinsi sekta ya maua ilivyojenga vitalu vya kisasa upande mmoja wa barabara na vyumba vya mabati upande wa pili. (Kwa wanaouliza iwapo inafaa kuhimiza pombe yoyote ile, jibu langu ni fupi: wazee wa huku walikuwa na muratina yao na taratibu za kuinywa, na aliyeharibikiwa leo hakuharibiwa na chupa ya mvinyo ya bei ya juu.)

Mfano wa karibu unaoonyesha njia nyingine uko Dodoma. Zabibu zilipelekwa huko na wamisionari wa Kikatoliki, Bihawana, mwaka 1957, na tangu hapo kilimo chake kimekuwa mikononi mwa wakulima wadogo wenye ekari moja au mbili, wanaotegemea kiangazi kirefu cha huko kuwawezesha kuvuna mara mbili kwa mwaka. Udhaifu wa mpangilio huo nao unajulikana: zabibu ya mvinyo ikishakatwa haiwezi kusubiri, hivyo mwenye kiwanda ndiye hupanga bei, na msimu ambao viwanda vimejaa, mkulima hubaki na vichala vinavyochacha kwenye makreti. Lakini serikali ya Tanzania ilifanya jambo moja la busara, nalo ni kuutoza mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini ushuru wa bidhaa mdogo kwa mbali kuliko ule wa mvinyo wa zabibu za nje.

Sisi tumekwenda upande mwingine. Tangu Desemba 2024, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo nchini Kenya hukokotolewa kwa kiwango cha alkoholi, shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi safi. Chupa ya kawaida ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 12 ina sentilita tisa, kwa hiyo hulipiwa shilingi 202.50 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na sheria haiulizi iwapo zabibu hizo zilivunwa Naivasha zikampa mtu kazi au ziliingia nchini zikiwa mvinyo tayari. Ukilijumlisha hilo na bei ya ploti, utaelewa kwa nini shamba la mizabibu nchini limebaki kuwa jambo la watu wenye mitaji mingine ya kuwabeba.

Juu ya ardhi, la kushangaza ni kwamba sheria haikosekani kabisa. Ibara ya 68 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liweke viwango vya chini na vya juu vya umiliki wa ardhi ya watu binafsi, na mswada wa mwaka 2015 uliokusudiwa kutimiza hilo haukufika popote, kwa sababu kiwango cha juu kiliwagusa wakubwa na kiwango cha chini kiliwatisha wadogo. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 bado ipo, na inaiagiza bodi ya udhibiti izingatie iwapo ugawaji wa shamba utapunguza uzalishaji wake. Kwa maandishi, basi, ombi la kuzigeuza ekari 20 za shamba la kilimo kuwa ploti 160 lina sababu ya wazi ya kukataliwa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 nayo imezipa kaunti mamlaka ya kupanga na ya kuidhinisha mabadiliko ya matumizi. Kilichokosekana ni mpango wenye mstari unaoonekana, ambao mwananchi anaweza kuusoma na kumshikia afisa aliyeuvuka.

Napendekeza mstari huo uchorwe kwenye ardhi kavu ya miinuko kati ya Morendat na Gilgil, mbali na ufuo wa ziwa, ambako maji yaliyopanda yalikwisha kuwafukuza wakazi wa mtaa wa Kihoto na kuonyesha kwamba hata ploti yenye hati miliki inaweza kulala chini ya maji. Ndani ya mstari, kiwango cha chini cha ugawaji kiwe ekari 10, na wenye vipande vidogo tayari wasiguswe. Anayekubali kulifunga shamba lake kwa kilimo kwa mkataba wa miaka 10 apunguziwe ada za kaunti, kama California ilivyofanya kwa sheria ya mwaka 1965. Na kwa kuwa umiliki wa pamoja uliwahi kutuvunja moyo, hadi serikali ya Rais Moi ikaziagiza kampuni za ardhi zigawe mashamba kwa wanachama, ushirika wowote wa mizabibu uanze na hesabu zilizokaguliwa na hisa zinazouzika, ili mwanachama mwenye shida ya karo auze hisa yake bila kumwita mpima ardhi. Nyumba za wafanyakazi zitengewe eneo lake katika ramani hiyohiyo, siku hiyohiyo inapopitishwa.

Wapo watakaopata hasara. Mwenye shamba ndani ya mstari atakosa bei ambayo jirani yake wa nje ataipata, na punguzo la ada halitaifidia tofauti yote. Huo ni ukweli ambao wawakilishi wadi watakaoupeleka mpango huu kwa wananchi wanapaswa kuusema mapema, kwenye baraza, mbele ya wenye mashamba wenyewe, wakati ekari bado inauzwa kwa bei ambayo kaunti inaweza kuzungumza juu yake.